Michezo saba haimpendi mnyonge

Safu ya Ilunga Mwamba

Vijana wa Kikula wananibishia: timu ndogo ikiwa na moyo, inabeba hata fainali ya NBA. Ushahidi wao ni Mazembe. Ni kweli, Desemba 2010 kule Abu Dhabi Mazembe iliipiga Internacional ya Brazil 2-0 ikaingia fainali ya klabu za dunia. Lakini ilicheza nayo mara moja tu. Wabrazili wangepewa michezo mingine sita ya kulipiza, kama kwenye fainali ya NBA, mimi franga zangu ningezificha.

Tupige hesabu. Chukua timu inayoweza kumfunga mkubwa mara 3 katika kila michezo 10. Ikikutana naye mara moja, nafasi yake ni asilimia 30. Wakishindania michezo mitano, inashuka hadi 16 hivi. Saba? Haifiki 13. Moyo ni uleule.

Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyaona haya mwaka 2016. Toronto yake ilikutana na Cleveland ya LeBron James katika fainali ya Mashariki, na Cleveland ilikuwa imeshinda michezo yote 8 ya mtoano. Ikaongeza miwili, wa kwanza kwa pengo la pointi 31. Mchezo wa tatu, Toronto wakiwa kwao, Biyombo, aliyeanza kwa sababu Valančiūnas alikuwa ameumia, alidaka ribaundi 26. Wakashinda 99-84, wakashinda na wa nne. Huku Katanga tulishaanza kuimba! Kisha Cleveland wakarekebisha mambo: 116-78, halafu 113-87. Hiyo ndiyo kazi ya mfululizo mrefu. Ujanja wako unafaa siku mbili, ya tatu kocha wa upande wa pili ameshautazama kwenye video na kuutafutia dawa.

Marehemu Dikembe Mutombo alipata bahati ya mfululizo mfupi. Mwaka 1994 Denver, timu ya nane Magharibi, ilianza kwa kufungwa mara mbili na Seattle iliyoongoza ligi nzima. Ikashinda mitatu iliyofuata, wa mwisho ukiwa ugenini, katika muda wa nyongeza. Mutombo alizuia mitupo 31 katika michezo hiyo mitano. Sitaki kumpunguzia sifa, ila kwa saba Seattle wangekuwa bado hai. Tangu 2003 raundi hiyo ya kwanza nayo ni ya michezo saba, na wakubwa hawakulalamika.

Kwa hiyo anayebeti kwa mnyonge aweke kwenye mchezo wa tatu, akiwa nyumbani, asiweke kwenye kombe. Ligi ya Afrika, BAL, inaamua mtoano wake kwa mchezo mmoja mmoja. Espoir Fukash ya Lubumbashi iliishia kwenye makundi mwaka 2022. Ikirudi, kazi kubwa ni kutoka hapo tu. Baada ya makundi, inahitaji jioni tatu nzuri. Wakija watu na wazo la kuleta michezo saba, viongozi wetu wa basketi wapige kura ya hapana.