Mbegu Inasingiziwa

Ng'ombe wa maziwa akihimilishwa mara tatu bila kushika mimba, wafugaji wengi wa Tanga, Kibaha na pembezoni mwa Dar es Salaam hutoa hukumu moja: mbegu mbovu. Mhimilishaji anaitwa mwongo, mtungi wake unadaiwa kukauka nitrojeni, na safari ya nne ng'ombe anapelekwa kwa dume la jirani. Imani hii ni uonevu, na hasara yake inamrudia mfugaji mwenyewe. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma, wa kwanza kushukiwa ni jua, na uharibifu wake uko ndani ya ovari ya ng'ombe, si ndani ya mrija wa mbegu.

Friesian, ng'ombe huyu wa maziwa, ana asili ya Uholanzi. Hewa ikipita nyuzi 25 au 26 anaanza kutaabika, na mchana wa Februari Dar es Salaam hupita 30, tena kwa unyevu unaozuia jasho kukauka. Kadiri anavyokula na kukamuliwa sana, ndivyo mwili wake unavyozalisha joto zaidi. Mtazame saa nane mchana chini ya paa fupi la bati: amesimama badala ya kulala, mdomo wazi, udenda unadondoka, mbavu zinapanda na kushuka zaidi ya mara 60 kwa dakika. Damu iliyopata moto namna hiyo ndiyo inayolilea yai. Na yai halitengenezwi siku ya kupandwa. Kifuko kinachokua nalo huchukua siku 40 hadi 50 hivi katika hatua yake ya mwisho ya kukua, kwa hiyo yai linalopevuka katikati ya Aprili liliingia hatua hiyo kaskazi ikiwa bado kali. Mfugaji anaona mvua imenyesha, hewa imepoa, mimba haishiki, basi anailaumu mbegu. Hata yai zima likirutubishwa, kiinitete cha siku moja au mbili ni dhaifu mno mbele ya joto. Kiswahili kina neno moja, joto, kwa hali ya hewa na kwa hamu ya ng'ombe, lakini la kwanza hulificha la pili: dalili hufifia, huwa fupi, na mara nyingi hutokea usiku watu wamelala.

Wapo watakaosema tatizo ni njaa ya kiangazi. Njaa ina sehemu yake, sikatai. Lakini ng'ombe wa Israeli na wa Florida hulishwa na kushiba mwaka mzima, na bado wakati wa kiangazi wanaoshika mimba hupungua sana. Huko Israeli hali haitengemai mara moja hata majira yakishapoa. Dume la jirani nalo si dawa. Mbegu za kituo cha taifa cha uhimilishaji hutoka Usa River, kwenye ubaridi wa Mlima Meru, zikahifadhiwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Dume la kijijini linasimama kwenye jua lile lile, na mbegu zake huchukua miezi miwili hivi kutengenezwa, hivyo joto la Januari linakuwamo katika mbegu za Machi. Na zebu, ng'ombe wa kienyeji, anayeshika mimba bila shida asitumiwe kumhukumu Friesian, maana mayai na viinitete vyake huvumilia joto zaidi.

Mtungi uliokauka huua mbegu kweli, na wahimilishaji wazembe wapo. Daftari ndilo linalotenganisha kesi hizi: mimba zikikosekana mwaka mzima, mkague mhimilishaji, zikikosekana zaidi kati ya Januari na Mei, likague banda. Inua paa, panda miti, weka maji muda wote, na sehemu kubwa ya chakula itoe jioni. Zaidi ya yote, panga uhimilishaji uangukie Juni hadi Septemba. Ng'ombe aliyeshika mimba Juni huzaa Machi, masika yanapoingia na majani yanapoota, na miezi mitatu baadaye, akiwa tayari kuhimilishwa tena, Juni imerudi.