Kaya za Kompyuta na Bonde Lililohamwa

Mnamo mwaka 1300 hivi, wakulima wa bonde la Long House huko Arizona, Marekani, mababu wa Wapueblo wa leo, walikuwa wamehama wote. Ili kuchunguza sababu, watafiti, wakiwemo Robert Axtell na Joshua Epstein, waliunda modeli, yaani kaya za kubuni ndani ya kompyuta, kila moja ya watu watano, wakaziweka kwenye ramani ya bonde lenyewe. Hali ya hewa ya kila mwaka kuanzia 800 waliikadiria kwa kusoma pete za miti. Kanuni zilikuwa chache: kaya ilime mahindi, iweke akiba, ihame chakula kikipungua, binti akiolewa, kaya mpya izaliwe.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifanana sana na ushahidi wa magofu: watu waliongezeka na kupungua karibu kama ilivyotokea. Isipokuwa mwisho. Ndani ya kompyuta, hata baada ya ukame mkali, kaya chache zilibaki zikilima. Kwa hiyo njaa peke yake haikutosha kuwaondoa watu wote. Yafaa tutazame pia undugu, imani na hofu. Kwangu, tofauti hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi yote.

Mwaka 2009 mtafiti Marco Janssen aliijenga upya modeli hiyo, akaonyesha kwamba mfanano ule ulitokana zaidi na uwezo wa ardhi kulisha watu kuliko kanuni za kaya. Basi matokeo ya modeli kufanana na historia si uthibitisho kwamba tumejua sababu.

Swali la kwa nini watu huhama linaihusu Tanzania pia. Nchi hiyo ilihesabu watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Makadirio ya kawaida ya idadi ya watu, yanayotumia viwango vya wastani vya kuzaa, kufa na kuhama, yanafaa kupanga madarasa na zahanati. Hayaelezi kwa nini kijana amfuate kaka yake Mwanza ilhali jirani yake anabaki kijijini. Hapo ndipo modeli kama ile ya Arizona zinahitajika, na naziunga mkono.

Ila anayeandika kwenye programu kwamba kijana huhama akikosa shamba ameshaamua chanzo ni ardhi, kabla kompyuta haijawashwa. Bajeti ikitungwa juu ya uamuzi huo, mwananchi ataambiwa ni hesabu. Kanuni hizo zichapishwe pamoja na matokeo, na modeli iendeshwe tena bila kanuni ya shamba, ili wabunge waone majibu yote mawili kabla ya kupitisha fedha.