SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Juzi mkulima mmoja alinijia ofisini. Alikuwa na karatasi mkononi. Akaniuliza, "Bwana shamba, nitie sahihi wapi?" Nami nikamwuliza, "Je, umeisoma?" Akacheka. Zamani alibonyeza dole gumba, na sasa anajua kuandika jina lake. Alikuwa na hamu ya kuliandika.

Karatasi ile ilinikumbusha mchezaji mpira mmoja wa Ufaransa. Usishangae. Nisikilize kwanza.

Mchezaji huyo aliitwa Raymond Kopa. Alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Nœux-les-Mines, kaskazini ya Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa wahamiaji wa asili ya Poland. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Kopa naye alianza kazi mgodini akiwa na umri wa miaka 14. Huko chini ya ardhi mkono wake wa kushoto uliumia vibaya, na akapoteza kidole. Mwili ndio mtaji wa mfanyakazi, na mtaji huo waweza kuharibika kwa dakika moja.

Mpira ndio uliomtoa mgodini. Mwaka 1949 alijiunga na timu ya mji wa Angers. Mwaka 1951 akaenda timu ya Reims. Mwaka 1956 akaenda Hispania kuchezea Real Madrid. Akiwa huko, timu hiyo ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1957, 1958 na 1959. Mwaka 1958 Ufaransa ilikuwa ya tatu katika Kombe la Dunia, kule Sweden. Mwaka huo huo Kopa alipewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

Sasa sikiliza habari ya mkataba. Mwaka 1959 Kopa alirudi Reims. Wakati ule mchezaji wa Ufaransa akishatia sahihi, alifungwa na klabu yake mpaka atimize miaka 35. Hakuweza kuhama kwa hiari yake. Lakini klabu iliweza kumwuza kwa klabu nyingine. Kijana wa miaka 18 alitia sahihi siku moja tu, na sahihi hiyo ikamshika miaka 17!

Wachezaji walichoka. Mwaka 1961 waliunda chama chao cha kutetea haki. Kati ya waanzilishi walikuwa Just Fontaine, mwenzake Kopa katika timu ya taifa, na Eugène N'Jo Léa, mzaliwa wa Kamerun.

Mwaka 1963 Kopa alisema gazetini kwamba wachezaji ni watumwa. Wakuu wa mpira walikasirika. Walimwadhibu kutocheza miezi 6, lakini adhabu hiyo iliwekwa kando kwa onyo. Kopa angeweza kunyamaza, kwa kuwa alikuwa na jina na fedha. Hakunyamaza. Wenzake wengi hawakuwa na jina wala fedha.

Mkataba wa maisha uliondolewa mwaka 1969. Badala yake ukaja mkataba wa muda unaojulikana. Lakini Kopa alikuwa ameacha mpira wa kulipwa tangu mwaka 1967, akiwa na miaka 35. Alipanda mti, wengine wakala matunda.

Je, aliishije baada ya hapo? Hakungoja uzee umkute mikono mitupu. Tangu akiwa mchezaji alikuwa amejiandalia biashara ya viatu na vifaa vya michezo. Biashara hiyo ilimtunza alipoacha kucheza. Alifariki Angers tarehe 3 Machi 2017, akiwa na miaka 85. Mwaka huo uwanja wa Angers ulipewa jina lake.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Tulikaa chini tukasoma karatasi yake pole pole, yeye akisoma kwa sauti. Ilihusu mkopo wa mbegu. Alipofika mstari wa saba akanyamaza. Mstari ule ulisema mavuno yote atamwuzia mkopeshaji, kwa bei atakayoitaja mkopeshaji wakati wa mavuno. Aliusoma mara mbili. Kisha akaikunja karatasi. Siku ile hakutia sahihi. Alirudi kudai bei iandikwe.

Ndugu msomaji, kuandika jina lako ni jambo jema. Lakini kusoma kile kilichoandikwa juu ya jina lako ni jambo jema zaidi. Tazama mambo matatu: unafungwa kwa muda gani, bei anaipanga nani, na utatokaje ukishindwa. Ukikwama kwenye neno, mwulize mwalimu wako, au njoo kwangu. Kisha weka nakala yako nyumbani. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu