Kabla ya Kubonyeza "Ndiyo"



Ramadhani yakaribia, na mafundi wa madishi wameanza kuonekana juu ya mapaa ya Mji wa Kale kama ilivyo ada. Juma hili kina mama wawili, mmoja wa Kibokoni na mwengine wa Kuze, wametuuliza jambo moja: je, yafaa kutia diski ndani ya king'amuzi ili Tarawehe ya Makka irekodiwe?

Haja yao twaielewa. Makka na Mombasa zafuata saa moja, lakini kule, katika Ramadhani, Isha huadhiniwa muda wa saa mbili baada ya Magharibi. Kwa hivyo Msikiti Mtukufu unapoanza Tarawehe, mwanamke wa huku aidha yuko katika sala yake mwenyewe, au yuko jikoni na masufuria ya futari huku akifikiria daku. Akija kukaa kitako, imamu amekwisha kutoa salamu. Diski humwekea sala ile hadi atakapopata nafasi, na hilo ni jambo jema.

Lakini si kila king'amuzi kina mahali pa diski. Vingi vya bei nafuu vina tundu la USB tu, nacho chataka diski ya nje, ambayo haihitaji fundi wala bisibisi. Chenye nafasi ya ndani hujulikana kikifunguliwa: mna kitako cha bati chenye matundu ya skrubu, na nyaya mbili, mmoja wa SATA wa kupitishia picha na sauti, mwengine wa stima. Visipokuwamo, asikushawishi mtu kulazimisha. Na kabla ya kukifungua, kichomolewe ukutani. Kukizima kwa rimoti hakutoshi. Hata kikichomolewa, ule ubao wa stima ulio ndani huweza kubaki na nguvu kwa muda, basi mkono usiufikie, na watoto wasisogee. Kikiwa bado kina dhamana ya duka, ulizeni kwanza, kwani kufungua kifuniko huenda kukaivunja.

Diski ndogo, ile ya kompyuta ya mkononi, ndiyo tunayoipendelea kwa joto letu. Hutumia stima kidogo na haichemki upesi kama kubwa. Lakini itakufa mapema vilevile ikiwa juu ya king'amuzi kumetandikwa kitambaa cha kufuma. Twajua vitambaa hivyo vinavyopendeza sebuleni, nasi tunavyo. Tumeviondoa hapo tu, maana huziba matundu ya kupitishia hewa.

Wala msiuziwe diski kubwa kupita haja. Saa moja ya picha ya kawaida huchukua takriban gigabaiti 2, na ile ya HD kama 4. Chukueni Tarawehe ya saa moja na nusu kwa siku 30: ni saa 45, yaani gigabaiti 180 kwa picha ya HD. Diski ya gigabaiti 500 itabakiwa na nafasi ya mapishi na ya katuni za watoto. Linalostahili kuulizwa dukani ni idadi ya tyuna. King'amuzi chenye tyuna moja kikirekodi Makka, kwa kawaida hakiwezi kuonyesha mpira ulio kwenye masafa mengine. Nyumba yenye wavulana na ifahamu hilo mapema.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka uliopita tulitia diski tuliyoitoa katika kompyuta kongwe ya nyumbani. Kijana wetu alikaza skrubu, akawasha, na maandishi yakatokea kwenye kioo. "Mama Mkubwa, chauliza kama kifomati. Nibonyeze ndiyo?" Tukamjibu: "Bonyeza, mwanangu, Isha yaingia." Usiku wa nne ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba katika diski ile mlikuwa na picha za harusi mbili, na sauti ya marehemu bibi yetu akisoma uradi.

King'amuzi hutaka kuipanga diski kwa namna yake, na kufomati ni kufuta daftari linaloonyesha kila kitu kiko wapi. Mara nyingi vitu vyenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Lau tungaliichomoa palepale na kuipeleka kwa mjuzi wa kuokoa data, huenda tungalipata karibu vyote. Sisi tulikuwa tumekwisha kurekodi mausiku matatu. Picha nyingi zilirudi. Sauti ya bibi ilirudi dakika chache tu, tena zimekatika katikati. Tarawehe zenyewe zilirekodiwa vyema kabisa.

Basi diski iliyowahi kutumika ifunguliwe kwanza katika kompyuta, itazamwe yaliyomo, nayo yanakiliwe mahali pawili. Afadhali zaidi inunuliwe mpya. Na kinyume chake pia kijulikane: ving'amuzi vingi hufunga rekodi zao kwa namna ambayo diski ikihamishiwa king'amuzi kingine haisomeki. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kama tulivyozoea, king'amuzi huweza kuungua na rekodi zikapotea nacho, ijapokuwa diski ni nzima. Stebilaiza husaidia, lakini humo msiweke kitu msichoweza kukipata tena.

Mama wa Kibokoni amenunua diski mpya. Yule wa Kuze ametuarifu kwamba aliyonayo yeye imetoka katika kompyuta ya marehemu mumewe, wala hajui mna nini ndani. Tumemwomba asiitie, aje nayo Jumamosi baada ya Alasiri tuifungue pamoja.