Bati Linatoka Walikale, Dawa Haziingii

Mwaka 2024 mgodi wa Bisie, Walikale, Kivu Kaskazini, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Zilisafiri kwa malori, msituni humo humo tunamoambiwa kwamba barabara mbovu ndiyo inayozuia dawa za malaria kufika Pinga. Siamini tena.

Kabla ya mitambo, vijana walibeba magunia ya kasiteriti, mawe yenye bati, mgongoni hadi Ndjingala, na ndege zikatua juu ya lami ya barabara huko Kilambo kuyapeleka Goma. Juu ya barabara! Penye faida pana njia. Masisi nako, vita au si vita, bia inafika, betri zinafika, kwa pikipiki na kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kinachokosa njia ni amoksisilini.

Sasa wapo wanaotaka wafanyabiashara wakabidhiwe ugavi wote wa dawa: kuchagua, kununua, kupanga bei. Hapana, hapana kabisa! Jirani zetu wa Ituri walishalilipia hilo. Kati ya 2014 na 2015 zaidi ya watu 1,000 walikakamaa shingo na nyuso kwa vidonge vya madukani vilivyoandikwa diazepamu, kumbe ndani ni haloperidoli, dawa nyingine kabisa.

Mfanyabiashara apewe anachokijua: kubeba. ASRAMES, bohari ya dawa ya Goma isiyotafuta faida, ibaki na ununuzi na ukaguzi. Mwenye lori na motari, dereva wa pikipiki, walipwe kwa katoni iliyopokelewa na muuguzi wa kituo, si kwa safari waliyoianza. Na nauli hiyo asitwishwe mama anayenunua kidonge cha mwanawe kwa pesa ya mihogo. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa 2018 inadai angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni ya madini iende kwenye maendeleo ya jamii: sehemu yake iwe mafuta ya lori la dawa.

Nanyi mnaoshika barieri barabarani, waasi wa AFC/M23 kule Masisi, wanamgambo wa Wazalendo na wanajeshi wa serikali kule Walikale: mwaka 2025 Msalaba Mwekundu ulipima vituo vya afya zaidi ya 200 katika Kivu zote mbili, ukakuta asilimia 85 vimepungukiwa dawa. Anayetoza faranga moja juu ya katoni ya dawa anamwibia mgonjwa kitandani.

Wenye malori, jitokezeni mdai mikataba hiyo. Na ninyi wanakamati wa afya vijijini, msikubali karatasi ya mapokezi itiwe saini kabla katoni haijafunguliwa mbele yenu.