Huyu Bibi Titi alikuwa mke wa nani?

Makamanda, swali hilo nimelisikia juzi kwenye daladala, tukikatiza Barabara ya Bibi Titi pale Mnazi Mmoja. Dogo kamuuliza mwenzake, mwenzake kajibu hajui. Nimeumia, na nimeona nisinyamaze.

Jina la barabara analiweka mwenye dola. Itazameni Samora. Mjerumani, aliyehamishia makao yake Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891, aliipa jina la miti ya akasia. Mwingereza akaja, akatafsiri tu: Acacia Avenue. Tulipopata uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Barabara ni ile ile, vibao ndivyo vinabadilika.

Sasa, nani alizichimba barabara za enzi hizo? Mwaka 1898 Mjerumani alianza kukusanya kodi ya nyumba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho, akapelekwa kwenye kazi za serikali, barabara zikiwemo. Umewahi kuona kibao chenye jina la aliyebeba mawe? Walau wapagazi wa Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa Carrier Corps, wamebaki kwenye jina la Kariakoo. Na hilo halikutungwa ofisini, lilitoka midomoni mwa wananchi.

Turudi kwa Bibi Titi Mohamed. Hakuwa "mke wa" mtu, jamani. Ni mama aliyezunguka nchi akiwahamasisha wanawake kukata kadi za TANU, akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Barabara iliyokuwa ikiitwa UWT leo ina jina lake, na dola iliyomwita mhaini ndiyo iliyosimamisha kibao.

Kwa hiyo mtu akikutisha leo kwa neno hilo "mhaini", mwoneshe kile kibao. Hukumu ya dola siyo hukumu ya historia.

Lakini tusijisifu. Mwaka 2022, kwenye zoezi la anwani za makazi, mitaa kibao nchini ilipewa majina. Nikiri: mtaani kwangu kikao kiliitishwa, mimi sikwenda. Nilikuja kulalamika mtandaoni baada ya nguzo kusimikwa. Waliokwenda ndio walioamua, na wazee waliochimba mtaro wetu kwa mikono yao hawakutajwa.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Muulize mzee mmoja mtaani kwako: barabara hii iliitwaje zamani, na nani aliilima? Andika majina. Kikao cha mtaa kikiitishwa, nenda nayo, simama, yasome kwa sauti. Tusingoje kushika dola ndipo tuanze kukumbuka watu wetu.

Mapambano yanaendelea.