Mawaziri na Kauli ya Kutendwa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 63, yalipa Bunge haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote juu ya jambo la umma lililo katika wajibu wake. Maneno hayo ni mafupi wala hayana fumbo. Aulizwaye ni mtu, na jambo aulizwalo ni lake. Msomaji hutazamia, basi, kwamba jibu nalo litakuwa na mtu ndani yake. Lakini mwenye kufungua Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, akasoma kipindi cha maswali cha mkutano wowote apendao, ataona ajabu: mtu ameondoka. Hatua zinachukuliwa. Jambo linafanyiwa kazi. Maoni yanakusanywa. Sera inapitiwa. Nani achukuaye, nani afanyaye, nani akusanyaye, hapatajwi.

Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba kauli ya kutendwa yaweza kumtaja mtenda kwa neno "na": mlango ulifungwa na Juma. Yaweza pia kumwacha. Zipo sababu njema za kumwacha. Yamkini mtenda hajulikani, kama vile mtu asemavyo "ng'ombe wameibwa" kwa kuwa mwizi amekwenda zake usiku. Yamkini anajulikana lakini habari haimhusu. Waziri hana hata moja ya sababu hizo. Si mwizi wa usiku. Amesimama mchana, mbele ya kipaza sauti, kwa cheo na kwa jina. Na habari yamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote aliyemo ukumbini. Kujiondoa kwake katika sentensi yake mwenyewe si adabu ya lugha, ni kukwepa.

Swali la kwanza lililohifadhiwa katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza, ambalo desturi zake nyingi zilirithiwa Dar es Salaam na baadaye Dodoma, liliulizwa katika Baraza la Makabaila mwaka 1721. Lilikuwa swali la haki. Kampuni ya South Sea ilikuwa imeanguka na kuwafilisi watu wengi, na mtunza fedha wake, Robert Knight, alikuwa amekimbia nchi. Earl Cowper aliuliza kama ni kweli kwamba mtu huyo amekamatwa ng'ambo. Serikali ikajibu kwamba ni kweli. Hapakuwa na upembuzi yakinifu.

Kipimo kizuri cha majibu ya mawaziri wa Tanzania katika mambo ya haki na elimu ni umri wa msichana kuolewa, kwa sababu hapo wizara mbili hukutana juu ya mtoto mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, mwenye umri huo akiolewa kwa idhini ya wazazi. Tena iliipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya aliyefikia miaka 14. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilisema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu, likafanya kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari kuwa kosa, na kumpa mimba mwanafunzi kuwa kosa la kifungo cha miaka 30. Tazama matokeo yake. Msichana wa miaka 15 aliye darasani analindwa na sheria nzito kabisa. Mwenzake wa umri uleule, aliyekosa nafasi ya sekondari au aliyeachishwa masomo, aweza kuozwa kwa idhini ya baba yake. Tofauti kati yao si akili wala mwili, ni dawati. Akiondoka katika dawati anatoka katika himaya ya waziri wa elimu, na anaingia katika mchakato wa waziri wa sheria.

Mwezi Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vyakwenda kinyume cha Katiba, ikampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha na kuweka miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine nchini. Hata hivyo mwaka 2024 ulikwisha na vifungu vile vilikuwa bado vimeandikwa kama vilivyokuwa. Katika miaka hiyo wabunge waliuliza tena na tena, na jibu lililosikika tena na tena ni kwamba jambo hili lagusa mila na dini, na kwamba maoni ya wadau yanaendelea kukusanywa.

Hapa hapana budi kusimama. Sheria yote ya Ndoa, iliyokusanya mahali pamoja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za kiserikali, pamoja na talaka, mahari, mali na malezi ya watoto, ilianza kwa waraka wa Serikali uliotolewa mwaka 1969. Waraka huo ulijadiliwa nchi nzima, ukapata wapinzani wakali miongoni mwa masheikh na miongoni mwa akina mama wa mijini, na mwaka 1971 ukawa sheria. Miaka miwili ilitosha kwa jengo zima. Kubadili tarakimu moja katika jengo hilo, tena kwa amri ya mahakama, hakukuwezekana katika miaka minane. Haiwezi kusemwa kwamba watu wa 1969 walikuwa na mila chache kuliko watu wa leo, au dini nyepesi. Wala haiwezi kusemwa "kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu", kauli ambayo ina heshima yake inapohusu bweni au maabara. Maana kufuta kumi na tano na kuandika kumi na nane hakuhitaji tofali hata moja.

Neno "mchakato" lenyewe lastahili kuonewa huruma. Wafanyakazi wa mashamba ya Tanga na Morogoro walijua kuchakata ni nini: majani ya mkonge huingizwa katika mashine upande mmoja, na upande wa pili hutoka nyuzi. Siku ambayo nyuzi hazikutoka, msimamizi alikuja kuuliza kuna nini. Katika kinywa cha wizara neno limebaki na upande mmoja tu. Majani huingia, mashine yavuma, na kila mwaka Bunge laarifiwa kwamba mashine yavuma.

Kwamba mashine hiyo yaweza kutoa nyuzi kwa siku moja, ikitakiwa, limethibitika mbele ya macho ya wote. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa desturi msichana mwenye mimba alihesabiwa humo. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya Serikali. Baada ya hapo kila aliyeuliza alijibiwa kwa maadili na kwa njia nyingine za elimu nje ya mfumo. Tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi hao watarudi. Maadili ya taifa hayakubadilika usiku ule, wala hazina haikujaa. Aliyebadilika ni mwenye kutenda, yaani yuleyule aliyekuwa amefichwa katika kauli ya kutendwa muda wote. Mwaka 2017 kitenzi kilikuwa na mtu ndani yake, na mwaka 2021 vivyo hivyo. Kati ya miaka hiyo miwili palikuwa na "taratibu".

Lugha ya mahakama ilipata bahati ya namna hiyohiyo. Hoja iliyozoeleka ilikuwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kubeba hukumu. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, hakimu wa mahakama ya mwanzo aliandika kwa Kiswahili, lakini Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zilitoa hukumu kwa Kiingereza, hata mfungwa akahitaji mkalimani ili ajue amefungwa kwa nini. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais alimpandisha Jaji Zepherine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akisifu kwamba ameandika uamuzi kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Istilahi zilizokosekana tangu uhuru hazikutungwa katika majuma hayo machache. Kanuni za mwaka 2022 zilirudisha Kiingereza kwa mlango wa pembeni, kwa mazingira maalumu. Lakini hilo lataka makala yake.

Lugha ya shule haikupata bahati. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 ulisema Serikali yaelekea kukitumia Kiswahili katika shule zote. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kidato cha Kwanza kianze kwa Kiswahili mwezi Januari 1985, na Chuo Kikuu mwaka 1992. Msomaji azitazame tarehe hizo kwa makini, kwa sababu ni nadra kukutana nazo: mwezi na mwaka, vimeandikwa wazi. Mwaka 1983 mpango huo ulikataliwa. Tangu hapo hakuna tarehe iliyothubutu kutokea tena. Sera ya Elimu ya 1995 ilisema Kiingereza. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilisema kwamba mpango maalumu wa kuwezesha Kiswahili katika ngazi zote utaandaliwa na kutekelezwa: vitenzi viwili, vyote katika kauli ya kutendwa, vyote katika wakati ujao, na mtenda si wa kwanza wala wa pili. Sera ya 2014 ilisema Kiswahili, na Kiingereza pia, katika ukurasa mmoja. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa mapema mwaka 2025, likakiacha Kiingereza katika sekondari. Katika muda huo wote mbunge aliyeuliza juu ya watoto wanaokariri wasichokielewa alijibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa Kiswahili. Kutambua si kutenda. Mtu aweza kuutambua umuhimu wa kisima huku akifa kwa kiu.

Watetezi wa mawaziri wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Husema kwamba waziri hafungi Baraza zima la Mawaziri kwa neno lake. Kwamba aghalabu asimamaye ni naibu, asomaye karatasi iliyoandikwa na watumishi. Kwamba saa ya maswali ni fupi. Na kwamba katika mambo ya dini pupa yaweza kuwasha moto. Hoja ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wapo Waislamu na wapo wazee wa kimila wanaoamini kwa dhati kwamba balehe, si hesabu ya miaka, ndiyo mpaka wa ndoa, na Serikali isiyowasikiliza yakosea. Lakini ikiwa hiyo ndiyo sababu, Kiswahili kina neno la herufi mbili ambalo waziri aweza kulitumia: "la". Serikali haitaki kubadili umri, kwa sababu hii na hii. Jibu hilo lingepingwa vikali, nalo lingekuwa jibu. Mbunge angejua ashike nini, mahakama ingejua amri yake imedharauliwa na nani, na mzazi wa Shinyanga angejua Serikali yake imesimama upande gani. Jibu lisilosema ndiyo wala la humnyima mwulizaji hata haki ya kushindwa.

Bunge la India liliyaona haya zamani. Mwaka 1953 Lok Sabha iliunda kamati ya kufuatilia ahadi za Serikali, na kamati hiyo ikaandika orodha ya misemo ambayo ikitoka kinywani mwa waziri huhesabiwa kuwa ahadi. Misemo hiyo si ya kiapo. Ni ileile ya kuteleza: kwamba jambo linafikiriwa, kwamba waziri ataliangalia, kwamba habari zinakusanywa. Huko, mwenye kuisema huandikwa, na hutakiwa atimize katika muda wa miezi mitatu, au aje aombe muda zaidi na kueleza kwa nini. Uganda nayo ina kamati ya Bunge yenye kazi kama hiyo. Ukwepaji umegeuzwa deni lenye tarehe.

Dodoma haihitaji kuomba msomi wa ng'ambo aje kuandika orodha kama hiyo. Taarifa Rasmi ziko katika maktaba, kwa Kiswahili safi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu aweza kuzipitia kwa muhula mmoja, akaweka kila kitenzi cha kutendwa katika safu yake, na pembeni mwake jina la aliyekitamka, siku aliyokitamka, na lililofanyika baada ya hapo. Safu ya "maoni yanakusanywa" ianzie Julai 2016.